Modeli yangu inazima makaa yote ya Afrika Kusini kufikia 2032, niiamini?

BintiMakongo
Habari za jioni wadau. Nasoma uzamili hapa Mlimani, tasnifu yangu ni namna Afrika Kusini itakavyoachana na umeme wa makaa ya mawe. Natumia OSeMOSYS, programu huria ya kupanga mifumo ya nishati kwa gharama ndogo zaidi. Mwaka nimeugawa vipande vinne: mchana na usiku wa msimu wa joto, mchana na usiku wa msimu wa baridi. Modeli inafunga mitambo yote ya makaa kufikia 2032, inajaza jua na upepo, na gharama inashuka. Nchi yenyewe makaa yanatoa takriban asilimia 80 ya umeme! Msimamizi kauliza swali moja tu: saa moja jioni taa zitawashwa na nini?

FundiGridi
Mwanangu, msimamizi wako ameshika penyewe. Ndani ya kipande chako cha usiku umechanganya saa moja jioni na saa tisa usiku. Kule watu wanarudi nyumbani, wanapika, wanawasha hita, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 3 usiku, na Juni na Julai ndiyo balaa. Wastani unakifuta kilele hicho cha matumizi. Upepo nao umeupa kiwango kimoja usiku kucha.

Nimefanya zamu za jioni miaka mingi kwenye chumba cha kuongozea gridi hapa Dar. Umeme unatakiwa uwepo sekunde ileile unayohitajika, haungoji wastani wa mwaka. Jioni ipe kipande chake. Kisha fungua ReserveMarginTagTechnology, kigezo kinachosema kila mtambo unahesabiwa kiasi gani kwenye akiba ya kilele: kama jua liko kwenye 1, lishushe karibu na sifuri, maana kilele cha baridi kinaangukia gizani.

Na makaa usiyapendelee. Mwaka 2023 upatikanaji wa mitambo ya Eskom, shirika la umeme la serikali yao, ulikuwa karibu asilimia 55, na mgao ukawa mkali mno. Ukiiandika kama mitambo isiyoharibika, utakuwa umelionea jua.

KakaTabata
Si aweke tu ukomo wa megawati mpya kila mwaka, yaishe?

FundiGridi
Aweke, ila ukomo uwe na sababu. Desemba 2022 miradi ya upepo ilikosa nafasi kwenye zabuni ya serikali yao kwa sababu njia za kusafirisha umeme huko majimbo ya Cape, kwenye upepo mzuri, zilikuwa zimejaa. Njia nene ziko jimbo la Mpumalanga, kwenye makaa. Basi igawe nchi angalau maeneo mawili, na njia ya kati yao iwe na gharama yake.

BintiMakongo
Shikamoo mzee, na asante sana. Wafanyakazi wa mitambo nao niwaweke wapi? Modeli haina safu yao.

FundiGridi
Marahaba. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Komati, kituo cha makaa pale Mpumalanga, kilizimwa Oktoba 2022. Kilijengwa kwa megawati 1,000, mpango wa kukirithi ukawa jua 150, upepo 70 na betri 150. Kwa modeli, kituo kilichofungwa ni gharama iliyokwisha. Kwa mwenye duka pale nje ya geti, ni wateja waliokwisha. Andaa jedwali la pembeni: kila kituo, wilaya yake, ajira zake, mwaka wa kufungwa. Halafu izuie modeli isifunge vituo viwili vya wilaya moja ndani ya miaka mitatu, uone gharama inapanda kiasi gani. Tofauti hiyo ndiyo namba ambayo mbunge wa kule ataiuliza kwanza.

Ukimaliza, weka hapa chati ya siku moja ya Julai, saa kwa saa. Ya mwaka mzima usiilete kwanza.