Stika ya "Imepita" imebandikwa kwenye birika linalochemka, na sisi tukae kimya?

Karani wa Ghorofa ya Pili (mleta uzi)

Wadau, naandika nikiwa bado nina hasira, kwa kuwa jambo lenyewe limetokea leo asubuhi na mhusika sidhani kama ameshafika mbali. Sina haja ya kumtaja, maana mnamjua: ni yule bwana wa stika, anayekuja na mkoba mweusi wa vipimo, akauweka mezani kwa heshima zote, halafu akaondoka nao bila kuufungua. Leo alikuja kukagua usalama wa vifaa vyetu vya umeme vya kubebeka, na akabandika stika ya kijani yenye neno "Imepita" kwenye birika la umeme ambalo wakati huohuo lilikuwa limechomekwa kwenye soketi na linachemka. Narudia kwa wale wanaosoma kwa haraka: lilikuwa linachemka. Mvuke ulimjaa kwenye miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaisugua ile stika kwa kidole gumba kwa sababu chuma kilikuwa cha moto na gundi ilikuwa inakataa kushika.

Nilimuuliza kwa adabu kama hakupaswa kulichomoa kwanza. Akageuka mbele ya idara nzima, akaniambia: "Mzee, mimi birika nalijua kwa sauti yake."

Kwa sauti yake! Mwili wa birika hilo ni wa chuma, kwa hiyo ni kifaa cha daraja la kwanza, ambacho usalama wake unategemea waya wa ardhi, ule unaoupeleka ardhini umeme uliovuja. Kama waya huo umelegea ndani ya plagi na waya wa moto ukagusa chuma, huenda fyuzi isikatike, birika likaendelea kuchemsha maji kama kawaida, na mwili wake ukabaki na umeme ukimsubiri mtu wa kwanza atakayeshika. Ndiyo maana kifaa huchomolewa, kikaunganishwa na kipimo, na mkondo ukapitishwa kutoka kwenye pini ya ardhi hadi kwenye mwili wa chuma, ambapo ukinzani haupaswi kuzidi omu 0.1 pamoja na nyongeza ya ukinzani wa waya wenyewe. Baada ya hapo hupimwa kihami, yaani kile kinachozuia umeme usitoke kwenye nyaya, kwa volti 500 za umeme usiobadili mwelekeo, swichi ya kifaa ikiwa imewashwa, na majibu yanatakiwa yawe angalau megaomu 1, yaani omu milioni moja. Naomba anayesikia megaomu kwa masikio ajitokeze hapa, tumfanyie sherehe.

Tena waya wa birika lenyewe umefungwa tepu karibu na plagi, na chini ya tepu rangi za nyaya za ndani zinaonekana bila kuinama. Yeye hakuiona tepu, kwa kuwa alikuwa anasikiliza.

Alipomaliza kusikiliza akaja mezani kwangu, akaibandika taa yangu stika nyekundu. Sababu aliyoandika ni kwamba haina waya wa ardhi. Taa hiyo ni ya plastiki tupu na ina alama ya mraba ndani ya mraba, yaani daraja la pili, lenye kihami maradufu, ambalo limetengenezwa makusudi lisihitaji waya wa ardhi. Kipimo chake ni cha kihami tu, kisipungue megaomu 2. Taa salama imefeli, na birika lenye nyaya nje limepita huku linachemka. Naomba kuwasilisha.

Mpita Njia

Mleta uzi, nimesoma malalamiko yako kwa utulivu nikitafuta mahali ambapo birika limekupiga shoti, sijapaona. Ninachokiona ni kwamba taa yako imepewa stika nyekundu, na wewe umeamua kulitanguliza birika ili upate mashahidi.

Bibi Soketi

Mpita Njia, mwache mwenzio alie, kwa maana huyo bwana wa stika tunamfahamu sote. Kwetu alipitisha mashine ya kutoboa karatasi, ile ya kubonyeza kwa mkono, ambayo haijawahi kuonja umeme tangu izaliwe. Ina stika, ina tarehe, na ina namba ya kumbukumbu. Mlinzi wetu aliinama kufunga kamba za viatu wakati bwana huyo anapita, na sitashangaa kusikia kwamba naye ameshaingizwa kwenye rejista kama kifaa cha daraja la pili.

Fundi Mkimya

Nafanya kazi hiihii, na naomba nimtendee haki mwenzangu kwa nusu moja tu. Kasoro nyingi za vifaa vya kubebeka huonekana bila kipimo chochote: waya uliochubuka, plagi iliyopasuka, alama za kuungua kwenye pini, kibanio cha waya kilichoachia, au fyuzi ya ampea 13 katika plagi ya taa ndogo inayotosheka na ya ampea 3. Hata hivyo, kazi hiyo hufanywa kwa macho, plagi ikiwa nje ya soketi na, inapowezekana, ikiwa imefunguliwa. Kipimo huja baadaye kutafuta yale ambayo macho hayafiki, kama vile waya wa ardhi uliokatika ndani ya ganda lake.

Mjue pia kwamba stika ni habari ya siku ile tu. Hata Uingereza, ambako stika hizi zimezagaa maofisini, kanuni za umeme kazini za mwaka 1989 zinataka vifaa vitunzwe visilete hatari, na hazisemi popote kwamba kila kitu kipimwe kila mwaka. Muda wa ukaguzi hutegemea kifaa na mazingira yake. Mashine ya kusaga inayoburutwa kwenye eneo la ujenzi haiwezi kulingana na kompyuta ya mezani ambayo hakuna anayeisogeza.

Ila na mimi nina la kwangu, maana wateja mnajifanya malaika. Siku ya ukaguzi, hita za miguuni hutoweka zote. Zinafungiwa kwenye makabati, zinafunikwa na makoti, na nilishawahi kuonyeshwa droo ambayo ilikuwa bado ina joto, mwenyewe akinihakikishia kwamba ndani mna mafaili. Nikishaondoka zinarudi chini ya meza, karibu na karatasi, bila kukaguliwa na mtu yeyote.

Karani wa Ghorofa ya Pili

Fundi, nashukuru kwa elimu, lakini naomba tusilisahau jambo la msingi. Birika lilikuwa linachemka.

Mhasibu Asiye na Kompyuta

Ndugu Karani, wewe umepata msikilizaji, shukuru. Wa kwetu anapima mpaka kinachopaswa kuachwa. Aliingia tukiwa tunafunga hesabu za mwezi, akachomoa kompyuta yangu bila kuuliza kama nimehifadhi kazi, akasema usalama haungoji mtu. Kisha akaichukua ekstensheni yetu yenye kinga ya kupanda kwa volteji, akaipima kwa volti 500, ikafeli, naye akatoa koleo na kuikata plagi palepale mbele yetu. Ekstensheni ilikuwa mpya kabisa, na karatasi ya mtengenezaji ilikuwa bado inaning'inia kwenye waya.

Fundi Mkimya

Hapo mmeonewa. Vijenzi vya kinga katika ekstensheni za aina hiyo huanza kupitisha umeme volteji inapopanda, kwa hiyo ukiipima kwa volti 500 unaweza kupata majibu mabaya wakati kihami hakina tatizo lolote. Hupimwa kwa volti 250. Na hata kifaa kibovu kweli huondolewa kwenye matumizi, kikawekewa alama na mwenyewe akaarifiwa. Plagi haikatwi bila idhini yake.

Mpita Njia

Fundi, kwa kuwa upo, naomba ututatulie ugomvi wa ofisini kwetu. Chaja za simu tunazoleta kutoka nyumbani ni mali ya nani siku ya ukaguzi? Mwajiri anasema si zake, hazipimwi. Afisa usalama anasema zimechomekwa kwenye soketi za ofisi, kwa hiyo zinamhusu. Kila mwaka wanabishana, na chaja zinaendelea kuungua rangi.

Fundi Mkimya

Kifaa kinachotumika kazini kwa ruhusa ya mwajiri kinamhusu mwajiri, awe amekinunua au hakukinunua. Kama hataki kukikagua, akipige marufuku. Kukiruhusu na kukikana kwa wakati mmoja haiwezekani.

Bibi Soketi

Chaja ni jambo dogo. Njooni kwetu mwone ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni, nayo imechomekwa kwenye ile ya kuzungushia kwenye gurudumu, na mwisho wa msafara huo kuna hita mbili na mashine ya fotokopi. Ekstensheni zote tatu zina stika za kijani, kwa sababu kila moja ilipimwa peke yake.

Mhasibu Asiye na Kompyuta

Bibi Soketi, hiyo ya gurudumu mnaitumia ikiwa imekunjwa au mmeikunjua yote? Waya ukiwa umezungushwa na unabeba mzigo mkubwa, joto halina pa kutokea, na ganda linaweza kuyeyuka. Ya kwetu ilianza kunuka kabla ya mtu kuikumbuka.

Bibi Soketi

Tuliikunjua yote, kama maandishi yaliyo kwenye gurudumu lenyewe yanavyotaka, ikajaa ukumbini. Afisa usalama akajikwaa nayo, akatoa waraka kwamba ikunjwe.