Mkate wa dukani usio na gluteni unanitesa, na watengenezaji wananijibu swali ambalo sikuwauliza

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na naomba mnivumilie kwa urefu wake, kwa kuwa jambo lenyewe limenichukua miezi minne kulielewa.

Nina ugonjwa wa siliaki, yaani kinga ya mwili wangu huushambulia utumbo nikila gluteni, protini iliyomo kwenye nafaka kama ngano; umethibitishwa kwa kipimo cha damu na kwa kinyama kilichochukuliwa kwenye utumbo mwembamba, na kwa miaka sita sijatia kinywani ngano, shayiri wala rai kwa kujua. Katika miaka mitatu ya mwisho nimekuwa nikila mkate wa aina moja tu wa dukani, ulioandikwa "bila gluteni" kwa herufi kubwa, slesi mbili kila asubuhi, bila shida yoyote. Halafu shida ikaanza. Muda wa saa nne au tano baada ya kula, tumbo linajaa gesi na kukaza kama ngoma, mkanda haufungiki, linanguruma hadi aliyeketi meza ya pili anageuka kunitazama, na jioni naishia chooni. Siku nisipoula mkate huo, tumbo linatulia.

Mwenye siliaki akiumwa tumbo, mshukiwa wa kwanza ni gluteni iliyopenya mahali fulani, kwa hiyo nilianza kujilaumu. Nilitupa mwiko wa mbao na ubao wa kukatia, nikanunua tosta yangu peke yangu na kuifungia kabatini kana kwamba ni dhahabu, nikawakalia kooni watu wa nyumbani kwa kila chembe ya mkate wao iliyobaki mezani. Nawaomba radhi hapa hadharani, kwani hawakuwa na kosa. Daktari alipopima tena damu, kingamwili ambazo kwangu hupanda ninapokula gluteni mara kwa mara zilikuwa katika kiwango cha kawaida, naye akaniuliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza: mkate huo, mbali na gluteni isiyokuwamo, umetiwa nini?

Kilichonifumbua macho ni mfuko mtupu. Nilikuwa na mfuko wa zamani wa mkate huohuo kwenye droo, ninaohifadhia vifungo na nyuzi za kushonea. Nikaumwaga, nikaulaza mezani kando ya mfuko mpya, nikavaa miwani. Kwa mbele ni pacha, rangi ileile na picha ileile. Kwa nyuma, kwenye orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, mfuko wa zamani unataja maji, unga wa mchele, wanga wa muhogo, wanga wa viazi, ute wa yai, mafuta, hamira, zanthani (gundi ya chakula) na chumvi. Mfuko mpya una "nyuzinyuzi za mzizi wa shikori" katika nafasi ya tano, mbele ya ute wa yai na mbele ya mafuta, na guari, gundi nyingine, imeongezwa kando ya zanthani. Hakuna popote palipoandikwa kwamba mapishi yamebadilika. Kuna kinyota tu pembeni, chenye maneno "chanzo cha nyuzinyuzi", kana kwamba nimepewa zawadi.

Hizo nyuzinyuzi za shikori, kwa jina lake halisi, ni inulini. Inulini haimeng'enywi kwenye utumbo mwembamba. Inashuka ilivyo hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachua na kutoa gesi. Yapo matumbo yasiyoihisi, na yapo, kama langu, yanayogeuka pipa la kuchachulia. Linaloniudhi zaidi ni kwamba inulini ni ya jamii ya fruktani, yaani minyororo ya sukari ya fruktosi, na fruktani zimo pia ndani ya ngano, na wapo watu wasio na siliaki ambao ngano huwasumbua kwa sababu ya fruktani hizo wala si gluteni. Mtu wa namna hiyo akiukimbilia mkate huu ameruka majivu na kukanyaga moto, na ataamini kwamba hata kisicho na gluteni kimemkataa.

Sikutaka kuituhumu inulini kwa kukisia. Niliacha mkate huo wiki mbili, nikala mwingine wenye zanthani na guari lakini usio na shikori, nikawa salama. Nikarudia slesi mbili za ule wa kwanza, na kabla ya jioni tumbo lilikuwa ngoma. Nilifanya hivyo mara mbili. Kwa hiyo sina ugomvi na gundi zenyewe, ambazo najua kazi yake: gluteni ndiyo hufanya utando unaonyumbuka na kushika hewa ndani ya kinyunga, na ukiiondoa bila kuweka mbadala unabaki na uji. (Slesi bado inavunjika katikati ukiipaka siagi, lakini hilo si la leo.)

Niliwaandikia watengenezaji, nikawatajia tarehe zilizo kwenye mifuko yote miwili, nikawauliza kwa nini waliongeza inulini bila kuandika mbele ya mfuko. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: bidhaa yao imepimwa na iko chini ya miligramu 20 za gluteni kwa kilo, na mimi nashauriwa nimwone daktari. Kiwango hicho nakijua, ndicho kilichomo katika kanuni za Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, na ndicho kinachotumika Marekani na katika Umoja wa Ulaya. Sikusema popote kwamba mkate una gluteni! Nimeandika tena, nikapata jibu lilelile, neno kwa neno, ila salamu ndiyo iliyobadilishwa.

Ninachowaomba wenzangu ni kimoja: mwenye mfuko wa zamani wa mkate wowote wa aina hii anakili hapa viambato sita vya mwanzo, kisha vya mfuko wa sasa, tuone ni wangapi waliobadilishiwa kimyakimya. Na tafadhali, asitokee wa kunishauri niuchome kwenye tosta kwanza. Nimeshauchoma.