Mjadala: Kocha wa riadha shuleni apimwe kwa makombe?

Kila mashindano ya riadha ya shule za sekondari yanapokaribia hapa Kenya, swali hili hurudi. Kocha bora ni yule aliyejaza makombe kwenye ofisi ya mwalimu mkuu? Wengi wanasema ndiyo, kwa sababu kombe linaonekana na kila mtu analielewa. Mimi napinga, na sababu zangu nazitoa wazi.

Nikiwa kidato cha tatu shule yetu ilikuwa inatafuta pointi. Kwa siku mbili nilikimbia mita 5,000, nikakimbia mita 1,500 mchujo na fainali, nikaongeza mita 800, kisha jioni nikakabidhiwa kijiti kwenye mzunguko wa mwisho wa mbio za kupokezana. Kombe tulilibeba. Kesho yake goti la kulia lilikuwa limevimba hata suruali ya sare ikakataa kupita. Nilipongezwa kwenye gwaride, wenzangu wakapiga makofi, nami nimesimama kwa mguu mmoja. Kidato cha nne sikukimbia tena. Nafasi yangu akapewa kijana aliyehamishwa kutoka shule nyingine kwa ahadi ya kulipiwa karo.

Kwa kipimo cha makombe, kocha wetu alifaulu.

Sasa mtazame Brother Colm O'Connell. Mtawa huyu wa Kikatoliki alifika shule ya sekondari ya St Patrick's, mjini Iten, mwaka 1976 kutoka Ayalandi kufundisha jiografia, na ukocha hakuwa ameusomea. Waliopita mikononi mwake shuleni hapo ni pamoja na Peter Rono, aliyetwaa dhahabu ya mita 1,500 Olimpiki ya Seoul 1988, na Matthew Birir, bingwa wa kuruka viunzi na maji Olimpiki ya Barcelona 1992. Wote wawili walishinda baada ya kuondoka shuleni. Kilichowafikisha huko ni miguu waliyotoka nayo ikiwa bado mizima.

Najua jibu litakalokuja: Iten iko juu, kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, vijana wa kule wangekimbia hata bila kocha. Nakubali hewa inasaidia, lakini hewa hiyohiyo wanaivuta wanafunzi wa shule zote za jirani.

Na kuna jambo moja ambalo kwangu linamaliza ubishi. St Patrick's ni shule ya wavulana. Hata hivyo mwaka 1989 Brother Colm alianzisha kambi ya mazoezi wakati wa likizo, na wasichana wakakaribishwa. Msichana hawezi kuipatia shule ya wavulana hata pointi moja! Kwa hesabu ya makombe, hiyo ilikuwa kupoteza muda. Lakini Janeth Jepkosgei, bingwa wa dunia wa mita 800 Osaka 2007, ni mwanafunzi wake. David Rudisha naye alikuwa kijana wa mita 400 na dekathlon, yaani shindano la michezo kumi. Brother Colm akamwelekeza mita 800, akampa muda, na rekodi ya dunia ya dakika 1:40.91 ikaja Olimpiki ya London 2012 akiwa na miaka 23. Kocha mwenye haraka ya kombe la muhula huu angemsubiri?

Simlaumu mwalimu wa michezo peke yake. Anaulizwa na mwalimu mkuu ameleta nini, na wazazi nao huuliza hivyohivyo. Ndiyo maana nataka sheria imlinde: mwanafunzi mmoja asizidishe mbio mbili za binafsi na moja ya kupokezana katika mashindano yote, na anayehamia shule nyingine kidato cha tatu au cha nne akae mwaka mzima bila kuichezea shule mpya. Najua kuna watoto maskini wanaopata karo kwa njia hiyo ya kuhamishwa, na hapo ndipo hoja yangu ina udhaifu. Mwenye suluhisho alilete.

Walimu wa michezo, nawauliza ninyi kwanza: mwanariadha wenu bora wa miaka mitano iliyopita yuko wapi leo, na bado anakimbia?