Waliosaini SAMIDRC, jeshi la SADC lililopelekwa Kongo, wapo wapi? Goma imekwenda, askari wamekufa, na hakuna bosi hata mmoja aliyewajibika

Wakuu salaam,

Naandika nikiwa na hasira, na nusu ya hasira yenyewe ni ya hela, bora niseme mapema kabla hamjanifukunyua. Nauza vitenge Kariakoo. Wateja wangu wakubwa ni akina mama wa Goma, mashariki mwa Kongo. Mmoja wao, wa pale Birere, tumefanya biashara miaka saba kwa kuaminiana tu: napakia marobota, yanapita Rusumo, Kigali, Gisenyi, yanaingia Goma, baada ya wiki tatu hela inarudi. Januari 2025 alikuwa na marobota yangu manne ambayo hajayalipia. Tarehe 27 waasi wa M23 wakaingia mjini. Benki zikafunga. Siku ya tatu nikapata sauti yake kwenye simu, haifiki hata nusu dakika, nyuma watoto wanalia: "Kaka, basoda benu balikuya kulinda nini huku?" Yaani askari wenu walikuja kulinda nini.

Sikumjibu. Ningemjibu nini? Siku Goma inaanguka, hapa Dar barabara za katikati zimefungwa kwa sababu marais wamekuja kwenye mkutano wa nishati. Nimekaa kwenye foleni nasikiliza redio inataja megawati.

Tangu hapo nimesoma nyuzi humu mpaka macho yameuma, na kila mtu anarusha mpira. Kinshasa inasema Kigali. Kigali inasema Kinshasa na FDLR, wale waasi wa Kihutu wa Rwanda walioko Kongo. Ramaphosa na Kagame walijibizana mtandaoni kama watu wa vijiweni. SADC wao Machi 13 walikutana kwa video, wakafunga misheni, wakaagiza askari waondoke kwa awamu, kwisha. Misheni ilipelekwa kuyafyeka makundi yenye silaha, ikaondoka mji ukiwa chini ya kundi hilohilo, halafu hakuna waziri aliyeachia ngazi, na sijaona ripoti iliyowekwa mezani sisi tuisome.

Sasa mimi nasema hivi, mnipige mawe mkitaka: wa kwanza kuulizwa ni waliosaini. Wale wakuu wa nchi waliokaa Windhoek Mei 2023 wakaamua jeshi liende, likaingia Desemba 15 mwaka huohuo.

Kwa sababu hawawezi kusema hawakujua. Februari 2024 kombora la mota lilitua kambini Mubambiro, karibu na mji wa Sake jirani na Goma, wakafa askari wawili wa Afrika Kusini. Aprili, mota tena, safari hii Watanzania watatu. WATATU. Nyumbani ikawa habari ya siku mbili, tukaendelea na mambo ya mpira. Mwenye akili akipigwa mota mara ya kwanza anajua adui anamwona na anamfikia. Akipigwa mara ya pili anatafuta cha kuizima hiyo mota, au anaondoka. Wale vijana waliachwa palepale miezi tisa mingine, bila ndege ya kivita juu yao, kwenye bonde ambalo vilima vinavyolizunguka vinashikwa na adui. Hata ruhusa ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Kongo, kuwasaidia usafiri na vifaa, Baraza la Usalama liliitoa Agosti 2024, miezi minane baada ya wao kuingia. Yaani unampeleka mtu vitani, halafu miezi minane baadaye ndiyo unaanza kuomba atakula nini na atapanda gari gani?

Afrika Kusini ilitangaza askari 2,900 na bajeti ya zaidi ya randi bilioni 2. Idadi hiyo haikuwahi kufika. Vijana wao 14 walikufa Januari ile, ukijumlisha na waliokuwa MONUSCO. Malawi watatu. Sisi wawili, na wanne majeruhi, kwa taarifa ya JWTZ yenyewe.

Kuna watakaosema M23 hawapigiki. Hapa ndipo huwa napandwa na jazba. Walipigwa! Mwaka 2013, na nchi hizihizi tatu, Tanzania, Afrika Kusini, Malawi, zikiwa chini ya Umoja wa Mataifa. Kamanda alikuwa Mtanzania, Jenerali Mwakibolwa. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama liliwapa ruhusa ya kushambulia, si kulinda tu. Walikuwa na mizinga, walikuwa na helikopta, na zile Rooivalk za Afrika Kusini ndiyo mara ya kwanza kupiga vitani. Upande wa Wakongomani alikuwepo Kanali Mamadou Ndala, mtu ambaye askari wake walimfuata mbele, siyo kumkuta nyuma. Na juu ya hayo, wafadhili walikuwa wameibana Kigali kwenye misaada. Novemba mwaka ule M23 wakatimuliwa, wakakimbilia Uganda na Rwanda. Watu wa Goma walicheza barabarani. Yule mama ananiambia alifunga duka siku hiyo, jambo ambalo kwa mama yule ni sawa na kufunga Idi.

Kwa hiyo nchi zilezile, adui yuleyule, milima ileile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii waliondoa helikopta, wakaondoa presha ya kisiasa, wakabakiza askari wa miguu. Hilo ni kosa la nani, la koplo aliyekuwa Mubambiro?

Najua mtaniletea la jeshi la Kongo, FARDC. Ni kweli, hilo silitetei. Mamia waliingia kwenye kambi za MONUSCO wakasalimisha silaha. Mamluki wa Romania, karibu 300, wakavushwa mpaka kwenda Rwanda mchana kweupe, na kule wakapekuliwa mbele ya kamera. Gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini, Cirimwami, aliuawa mstari wa mbele siku chache kabla. Ukihesabu waliokuwa wanailinda Goma siku ile, FARDC, wanamgambo wa Wazalendo, Warundi, Waromania, SADC, Umoja wa Mataifa, unabaki unajiuliza amri ilitoka kwa nani. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na Tshisekedi ndiye aliyewakusanya. Kikosi cha Afrika Mashariki kilikuja Novemba 2022, akakilalamikia kwamba kinakaa na M23 badala ya kuwapiga, kamanda wake Mkenya akaondoka akisema usalama wake uko hatarini, na Desemba 2023 kikafungishwa virago. Ndipo wakaingia SADC. Kubadilisha vikosi kama mtu anayebadilisha mafundi nyumba ikivuja, huku bati ni lilelile bovu.

Na Rwanda? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba kuna askari wa Rwanda kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya Kongo. Kigali inakana. Mimi naamini wataalamu. Lakini hilo ni kosa la mvamizi, na mvamizi ana kesi yake. Pale Kariakoo tunalipia kampuni ya ulinzi. Majambazi wakija na bunduki wakamkuta mlinzi wangu ana firimbi na rungu, jambazi atakwenda jela, sawa. Ila yule mwenye kampuni aliyenitoza hela ya ulinzi wa silaha akampa mzee wa watu rungu, naye namtaka polisi.

Sisi Watanzania ndio tumekaa vibaya zaidi, kwa sababu tupo kote: SADC tumo, Afrika Mashariki tumo. Februari 8 jumuiya zote mbili zikakutana hapahapa Dar. Kagame alikuja mwenyewe, Tshisekedi alikuwa kwenye skrini. Wakataka vita visimame mara moja, wakuu wa majeshi wakutane ndani ya siku tano. Wiki moja baadaye M23 wakaingia Bukavu, mji mwingine mkubwa wa mashariki mwa Kongo.

Mwisho wa Aprili dereva wangu alinipigia akiwa Rusumo. Foleni haisogei, kuna msafara wa malori ya jeshi yamefunikwa maturubai, yanatokea upande wa Rwanda. Ndio hao wa SAMIDRC wanarudi. Kabla ya hapo SADC ilikwenda Goma kusaini makubaliano na M23 ili askari waruhusiwe kutoka. Njia ilikuwa ileile ya vitenge vyangu: Goma, Gisenyi, Kigali, Rusumo. Dereva anacheka, mimi sicheki. Umoja wa Mataifa ulitaja karibu watu 3,000 waliokufa Goma ndani ya siku chache, na gereza la Munzenze sitaki hata kuandika yaliyowapata wale wanawake.

Marobota yangu mawili aliyauza kwa bei ya kutupa ili wanawe wale. Mawili yapo kwenye stoo ya shemeji yake, anasema panya wameanza. Deni nimelisamehe, lakini lile swali lake bado ninalo kwenye simu, sijalifuta. Mwenye kujua mbunge yeyote, wa hapa, wa Lilongwe au wa Cape Town, aliyesimama akamtaka waziri ajibu kwa maandishi ni nani aliruhusu vikosi viende bila ndege, aweke hapa nisome. Wa matusi pita kushoto.