MREJESHO: Tangi la sato, maji sasa yanapandishwa kwa hewa

Wakuu, habari za leo. Wiki tatu zilizopita niliuliza kwa nini sato wangu wanapanda juu kuhema kila alfajiri, na pampu ya maji ilikuwa imeungua. Mkanishauri nitumie hewa kuzungusha maji. Nimefanya, na nimekuja kushukuru.

Nilisimamisha bomba la plastiki la inchi 2 ndani ya tangi, mdomo wa chini ukiwa wazi, na juu nikafunga kiwiko, yaani kona ya bomba ya kutolea maji. Karibu na mdomo huo nikatoboa tundu kwa msumari wa moto, nikachomeka mpira mwembamba unaoleta hewa kutoka kwenye pampu ya hewa. Maji yaliyochanganyika na viputo huwa mepesi kuliko yaliyo nje ya bomba, kwa hiyo yale mazito huyasukuma juu.

Mara ya kwanza yaligoma kabisa. Nilitaka yapande nusu mita juu ya uso wa maji, na tangi lenyewe lina kina cha mita moja tu. Aliyeniandikia "shusha kiwiko" Mungu ambariki. Nilikata bomba, kiwiko kikabaki vidole vinne juu ya maji, yakaanza kutoka kwa mapigo, bwu, bwu, bwu. Nikakinga kiganja: maji ya baridi, yale ya chini kabisa.

Pampu ya hewa nimeitundika juu ya usawa wa maji. Umeme ukikatika, maji yasirudi kwa mpira yakaiingia.

Leo saa kumi na moja alfajiri nilimulika tochi. Sato wametulia chini, hakuna hata mmoja anayehema juu.