Nimekabidhi kazi, nikalipwa sarafu aliyoitengeneza mwenyewe! Eti "mwambie mwenye nyumba afungue waleti"

Kesha la Rangi (mleta uzi)

Wakuu salaam, ingawa leo sina salaam. Bado natetemeka, mnisamehe herufi zikipishana.

Mteja wangu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kupiga picha kaegemea gari lisilo lake. Yule wa "vijana amkeni". Huyo huyo. Zile video zake mnazosifia, rangi imetulia, maandishi yanaruka, sauti haina mwangwi, ni mkono huu hapa ulikesha. Alikuwa anakoroma kwenye maiki, nikampa sauti ya mtangazaji!

Tulikubaliana laki nane. Shilingi. Zile zenye tembo. Jioni nakabidhi faili zote, asubuhi ananiandikia: "Nimeshakulipa, cheki waleti." Ile waleti, yaani pochi ya sarafu za mtandaoni (kripto), alinifungulia mwenyewe kwenye simu yangu, eti tuwe wa kisasa. Nafungua nakuta sarafu milioni mbili na ushee. Moyo ukaruka, nikaanza kupima viwanja Kigamboni kwa macho.

Kumbe sarafu ni ya kwake! Kaitengeneza yeye, ina jina lake, na nembo niliyochora mimi! Bitcoin angalau mwisho wake milioni 21, huyu anaongeza akiwa chooni. Soko lolote nililopekua haipo. Na hata kuihamisha tu, lazima kwanza ninunue BNB, sarafu nyingine ya mtandaoni, kwa hela yangu halisi nilipie ada ya mtandao. Yaani nitoe hela ili nitoe kisichonunulika. Wale wa sarafu ya Luna Mei 2022, ilivyotoka zaidi ya dola 80 ikaishia chini ya senti ndani ya siku chache, wao walau walikuwa na bei ya kuporomoka. Hii yangu haina hata pa kuangukia.

Nikampigia. Bosi, mwisho wa mwezi huu, kodi ya nyumba. Akanijibu taratibu, nasikia anatafuna: "Mwambie mwenye nyumba afungue waleti."

Hebu rudieni. Mwambie mwenye nyumba. Afungue. Waleti. Baba mwenye nyumba wangu ni mstaafu, simu yake ya vitufe kaifunga raba bendi, hata meseji ya muamala anasomewa na mjukuu. Huyo ndiyo afungue waleti! Sasa hivi naandika niko nje ya geti, nikiingia ataniuliza, na jibu nililopewa ni hilo moja tu.

Na alikuwa anatafuna. Kuku kabisa, nilisikia mfupa.

Kuanzia leo anayetaka kunilipa sarafu aniambie kwanza ni mama ntilie gani anaipokea. Naomba kuwasilisha.

Kiti cha Mbele
Nimewahi siti. Bisi ninazo.

Mkandamizaji
Laki nane ndiyo unaandika gazeti lote hili? Wenzako wanapigwa nyumba na wake.

Fundi Simu
Pole sana mkuu. Ila swali moja, mwenye nyumba keshafungua au bado?

Kesha la Rangi
We naye!

Dola Kwapani
Mkuu usituharibie. Wewe hujalipwa kripto, umelipwa stika. Mimi kazi zangu ni za watu wa nje. PayPal ya Bongo inatuma, haipokei. Ukisema benki, inakatwa huku inakatwa kule, inafika imekonda. Nalipwa USDT, sarafu inayofuata bei ya dola, jioni nauza P2P, mtu kwa mtu, shilingi inaingia kwenye simu, naenda kula. Lakini ni USDT tu, nusu naipokea kabla sijagusa kazi, na mtandao wa kuitumia sarafu tunakubaliana kabla maana akikosea hiyo hela ndiyo basi. Na silali nayo. Sasa mteja yuko Sinza, wewe uko Tabata, wote mna laini za simu, kripto ya nini?

Kesha la Rangi
Kwa hiyo kosa ni langu mimi? Nimewaambia alikuwa ANATAFUNA.

Mzee wa Waraka
Benki Kuu ilitoa tangazo Novemba 2019 kwamba hizo kripto si fedha halali hapa nchini. Halafu Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio asilimia 3 kwenye kuhamisha mali za kidijitali. Fedha haitambuliki, kodi yake inatambulika.

Mkandamizaji
Asilimia 3 ya stika milioni mbili ni stika elfu sitini. Wapelekee na risiti udai.

Jirani wa Kayole
Nyinyi mko na bahati. Huku Nairobi 2023 watu walipiga foleni ukumbi wa KICC wakapigwa picha za macho na mashine ya Worldcoin, mradi wa kripto, wakapata sarafu za kama elfu saba hivi za Kenya, hadi serikali ikasimamisha mwezi wa nane. Wewe umeuza video. Wenzako waliuza mboni.

Mpambaji
Mnalialia na vitu vya simu. Mimi napamba kumbi. Juzi mwenye harusi kanilipa pilau na keki ya ghorofa tatu. Nafika nyumbani nakata, ndani boksi!

Sindano
Afadhali boksi utahifadhia kitu. Mimi fundi cherehani. Mtu kavaa suti, kaoa nayo, kacheza kwaito nayo hadi asubuhi, Jumatatu ananirudishia eti inambana, nimpe kianzio chake.

Kesha la Rangi
Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kaniambia mwenye nyumba afungue WALETI!

Mpambaji
Tumesoma mkuu. Sindano, ulimpa?

Sindano
Nimpe na kwapa limechora ramani? Suti imening'inia hapa inanitazama.

Fundi Simu
Rangi gani?

Sindano
Bluu iliyokolea, vifungo viwili, kiuno 36.

Kiti cha Mbele
Usimpe mtu, nakuja inboksi.

Sindano
Njoo na shilingi.