Mliowahi kuendesha seva za gemu mkafunga: tupeane uzoefu, siku ya kuzima ilikuwaje?

Chuma cha Segerea:
Wakuu, leo nimekutana na kijana kwenye mwendokasi akanikazia macho, mwisho akauliza: "Samahani bro, wewe si ndiye uliyetuzimia seva?" Nilishasahau kabisa, siku yote sijatulia.

Tulikuwa tunakodisha seva za Minecraft, lile gemu la kujenga dunia kwa vitofali, kwa vijiwe vya mtaani na makundi ya wanafunzi. Dola ikiwa 2,300 hesabu ilitoka. Ilipovuka 2,600 tukawa tunawalipa Wajerumani wenye mashine kutoka mfukoni, huku wateja wetu ni "nakutumia kesho mkuu". Kuzima kwenyewe ni kubonyeza tu. Kilichonitoa jasho ni siku za kabla yake: magrupu yamechafuka, simu usiku wa manane, mtoto wa watu analia kwenye voisi noti.

Walioendesha, waliokodi, hata mliokuwa wachezaji tu, tiririkeni.

mama_tuli:
Zile voisi noti ziache tu. Mdogo wangu aligoma kula.

Nahodha wa Likoni:
Umenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa na mashine moja ya kukodi Johannesburg, ndani yake tumepanga seva za watu: Minecraft kadhaa, Counter-Strike ya kupigana risasi, na moja ya SA-MP, ile GTA San Andreas ya kucheza wengi mtandaoni, ya vijana wa Kisauni. Tuliipenda Johannesburg kwa sababu ya pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi. Ukipiga kutoka Mombasa ni kama nusu ya ile ya Ulaya, na kwenye Counter-Strike hiyo nusu ndiyo uhai wako.

Pesa haikutumaliza. Tulimfungia kijana mmoja aliyekuwa anacheza kwa udanganyifu, anaona watu nyuma ya ukuta. Akaandika kwenye grupu, "leo mtalala giza." Tukacheka. Ikafika saa mbili usiku, seva zimejaa, watu wakaanza kuganda hewani. Ukiandika kwenye chati hakuna kinachotoka. Nikaingia kwenye mashine kwa mbali kupitia SSH, nabonyeza herufi, inakuja wakati nishaisahau. Halafu kimya.

Baada ya muda wenye mashine wakatuma barua: IP yenu (anwani yenu ya mtandaoni) inashambuliwa kwa DDoS (mafuriko ya data kutoka mashine nyingi kwa pamoja), tumeizima kwa muda ili wateja wengine wasiumie. Umepigwa wewe, na anayetolewa ukumbini ni wewe! Na kwa vile seva zote zilikuwa chini ya IP moja, zinatofautiana namba ya mlango tu, huyu 25565, yule 27015, aliyekosana na mmoja ametuua sote. Kesho yake saa mbili usiku tena, na keshokutwa, kama taarifa ya habari. Tukaulizia bei ya kinga, ikazidi mapato yote. Watu wa Minecraft wakaanza kuwalaumu watu wa Counter-Strike, grupu likagawanyika, wengine wakadai mimi ndiye nazima makusudi ili nile pesa zao.

Nilipotangaza tunafunga, yule kijana aliandika herufi mbili: GG, ile "good game" ya kuagana mechi ikiisha.

kibonge_254:
Hiyo GG ingenitoa machozi mimi.

Fundi Redstoni:
Nahodha, hukuonewa peke yako. Ile programu ya mashambulizi, Mirai ya 2016, iliyoteka kamera na ruta za watu dunia nzima, vijana wa Marekani walioiandika walikuwa kwenye biashara hizi hizi za kinga za seva za Minecraft. Wanampiga mshindani wateja wahame. Mwishoni mwa 2017 wakakiri mahakamani. Kwa hiyo ukisikia "ni gemu tu" ujue msemaji hajawahi kushika seva.

Kamukunji Boy:
Kosa lenu ni Johannesburg. Nyaya za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilipokatika siku moja, 12 Mei 2024, wote mliokuwa kule mlilia. Sisi seva yetu ilikuwa hapa hapa Nairobi. Pingi unahesabu kwa vidole.

Nahodha wa Likoni:
Wakati huo tulishafunga zamani, soma kwanza. Na bei ya kupangisha mashine Nairobi unaijua, au ulikuwa unalipiwa na mzazi?

Kamukunji Boy:
Nilijilipia na nikafunga mwenyewe. Mimi niliuawa na stima. Zikipotea mara mbili kwa jioni moja, dunia inaharibika, watu wanarudi wanakuta nyumba zao nusu.

Chuma cha Segerea:
Subiri kidogo. Kituo gani cha data hicho Nairobi kinachozimika stima mara mbili kwa jioni?

Kamukunji Boy:
Sebuleni kwetu. Kwani sebule yetu haiko Nairobi?

kibonge_254:
😂😂😂 Uzi ufungwe.

Dalali wa Pikseli:
Ngojeni, nyie wote mlizima kwa amani. Mimi niliitwa serikali ya mtaa.

Seva yangu ilikuwa na mfumo wa viwanja. Ukilipa shilingi 5,000 unapewa eneo lililolindwa, hakuna wa kukubomolea wala kukuibia kasha. Kuna dogo wa kidato cha pili akawa ananunua vinne, vitano, anawauzia wenzake darasani kwa elfu nane. Mimi sikujua, naona tu biashara inakwenda. Nikatangaza tunafunga mwisho wa mwezi. Kule shuleni moto ukawaka, wenzake wakamkaba: rudisha pesa. Dogo akaenda kwa baba yake akamwambia sentensi moja tu: "Baba, nilinunua viwanja, sasa muuzaji anavifunga."

Baba mtu hakuuliza viwanja vya nini. Jumamosi asubuhi niko na kikoi nakunywa chai, nasikia hodi. Mjumbe, baba mtu, na dogo nyuma anaangalia chini. Naambiwa tuandamane ofisini.

Mwenyekiti kavaa miwani, kafungua daftari. "Wewe kijana unauza viwanja?" Nikasema ndiyo mzee, lakini si vya... "Una kibali?" Mzee, ni vya kwenye kompyuta. "Hati zake ziko wapi?" Mzee, hakuna hati, kuna amri unaiandika. Akamgeukia mjumbe: "Andika, hana hati." Baba mtu akadakia, "Na kavitangaza kwenye grupu, nina ushahidi."

Nikaomba nikalete laptopu. Nikaifungua mezani, nikawapeleka hewani mpaka kwa dogo. Ghorofa tatu za mawe, bustani ya matikiti, ng'ombe wamejaa zizini. Mwenyekiti akasogea, akanyanyua miwani. "Hapa ni wapi? Kigamboni?" Mjumbe akasema ng'ombe wamenona. Baba mtu ndio kwanza anaelewa. Akamtazama mwanawe, akanitazama mimi, akauliza taratibu: "Kwa hiyo umenunua picha?"

Dogo akajibu, "Si picha baba. Nimejenga mwenyewe."

Hukumu: nimrudishie dogo nusu, dogo awarudishie wenzake yote, na kila mmoja apewe dunia yake kwenye flashi. Halafu nikatozwa elfu kumi ya mhuri.

mama_tuli:
Nimecheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili ameamka.

Mzee wa 1.6:
Hii ni chai. Tena ya maziwa. Weka picha ya hiyo barua yenye mhuri.

Dalali wa Pikseli:
Barua anayo baba mtu. Njoo Tabata nikupeleke.

Sheria Ndogondogo:
Chai au si chai, kisheria mwenyekiti alikosea. Dogo alilipia huduma ya mwezi, akaitumia. Hakuna cha kurudisha.

binti_kiembesamaki:
Kaka, huduma ya mwezi ipi? Kasema "kiwanja". Ukimuuzia mtu kiwanja anajua ni chake. Nusu ni ndogo, angerudisha yote.

Sheria Ndogondogo:
Dada, ungekuwa wewe mwenye seva usingesema hivyo.

binti_kiembesamaki:
Nimekuwa mwenye seva. Nilirudisha zote, hadi za aliyelipa kwa vocha ya Zantel.

Fundi Redstoni:
Mmoja wenu aseme basi: masharti ya Minecraft tangu Mojang, wenye gemu, walipobana mwaka 2014 yanaruhusu kuuza mapambo na vyeo vya kujionesha, siyo faida ndani ya gemu. Kiwanja cha kulindwa kinajadilika. Kuuza mapanga ya almasi kwa M-Pesa, mlivyokuwa mnafanya wengi humu, hakijadiliki.

Kamukunji Boy:
Nani kakuuliza?

binti_kiembesamaki:
Tuache sheria. Sisi kundi letu tulijenga Ngome Kongwe na mtaa wa Forodhani wote mpaka majiko ya mishikaki. Mwenye seva alipofunga alikuwa muungwana, akatupa faili la dunia. Tukaliweka kwenye folda ya saves kwenye kompyuta, likafunguka vizuri, tukashangilia. Kuingia Nether, ile dunia ya pili ya moto, hakuna kitu. Reli yetu yote, tupu. Mpya kabisa kama haijawahi kukanyagwa.

Fundi Redstoni:
Alikuwa anatumia Paper, programu ya kuendeshea seva. Paper ilikuwa inaitenga Nether kwenye folda yake, world_nether. Ukiwapa watu folda ya "world" peke yake umewapa nyumba bila choo. Ingia world_nether, chukua DIM-1 iliyomo, ihamishie ndani ya "world". Ya End, dunia ya tatu, ni DIM1, inatoka world_the_end. Muulizeni kama bado anayo.

binti_kiembesamaki:
Ameshafuta. Nimemuuliza sasa hivi.

mama_tuli:
Pole mwaya.

Mzee wa 1.6:
Vijana mna bahati, mna faili. Sisi seva ilikuwa kompyuta ya kaunta kwenye intaneti kafe, LAN tupu, mtandao wa humo ndani tu. Siku mwenye kafe alipouza kompyuta hakutangaza. Tumefika na mia tano zetu tukakuta saluni ya kike. Ushauri wangu: usitangaze. Zima, lala. Ukitangaza unafungua kesi.

Chuma cha Segerea:
Mzee hapana. Tangaza mapema, acha kupokea malipo siku hiyo hiyo, waachie muda wa kupakua.

kibonge_254:
Mimi nilitangaza mapema. Wakapata muda wa kutosha wa kununua baruti za kulipua kila kitu. Usiku wa mwisho seva ilikufa kwa TNT kabla sijaizima. Ilikuwa raha lakini.

Sheria Ndogondogo:
Na msisahau hifadhidata. Baruapepe, namba za simu za malipo, IP za watoto wa watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ya 2019. Ukishafunga huna sababu ya kukaa nazo kwenye flashi ya nyimbo za Singeli.

Nahodha wa Likoni:
Domeini lakini, lile jina watu wanaloandika kuingia kwenye seva, usiiache haraka. Ikiisha muda anainyakua mwingine, anafungua seva kwa jina lako, wateja wako wanaingia na nywila zao zile zile.

Kamukunji Boy:
Acha iende. Nani ataitaka "mavunocraft"?

Nahodha wa Likoni:
Aliyeandika GG ataitaka.

mama_tuli:
Dalali, hujatuambia. Yule dogo wa viwanja yuko wapi siku hizi?

Dalali wa Pikseli:
Yuko Chuo Kikuu Ardhi, mwaka wa kwanza.

Mzee wa 1.6:
Nilisema ni chai.